Viatu Visivyokuwa Vyangu

Siku ile Mjomba hakuniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeitwa kazini, si nyumbani, ingawa meza iliyokuwa kati yetu ilikuwa ile ile ya sebuleni ambayo juu yake alinifundisha kusoma.

Aliweka picha tatu juu ya kitambaa cha meza, akazipanga kwa kidole kimoja kama mtu anayegawa karata.

"Tazama mguu wa kulia," akasema. "Goli usilitazame. Goli kila mtu ameshalitazama."

Katika picha zote tatu alikuwamo Nahodha wa timu ya taifa, yuko hewani, mpira umeshamtoka mguuni. Kifuani mwake palikuwa na ndege mweupe mwenye miguu mirefu, nembo ya Korongo, kampuni inayoivisha timu nzima. Kiatuni palikuwa na mkunjo wa dhahabu, nembo ya Upinde, kampuni yetu. Wasioujua mchezo huu wa pili, unaochezwa ndani ya ule wa kwanza, hushangaa kuona mtu mmoja amebeba nembo za mahasimu wawili. Lakini ndivyo mikataba ilivyougawa mwili wa mchezaji. Kuanzia shingoni hadi kwenye soksi yeye ni mali ya mdhamini wa timu. Kilicho chini ya soksi ni chake mwenyewe, amuuzie amtakaye. Nahodha alikuwa ametuuzia sisi, na mimi ndiye fundi niliyekuwa nikimtengenezea viatu. Katika karakana yetu hatusemi "mteja", tunasema "mguu". Nahodha alikuwa mguu wangu.

Niliutazama mguu ule, kisha nikaiinamia picha.

Viatu vyangu hufungwa kisigino kwa mishono miwili inayokutana chini ya kifundo. Katika picha ile mshono ulikuwa mmoja tu, umepanda wima hadi juu. Hivyo ndivyo wanavyoshona Korongo.

"Umeona," Mjomba akasema.

"Picha imetikisika."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekulea. Ukitaka kudanganya hujikuna sikio."

Nikaushusha mkono wangu.

"Hicho ni kiatu cha Korongo," akaendelea, sasa kwa sauti yake ya ofisini, sauti ya mkurugenzi wa mikataba wa Upinde. "Kimepakwa rangi yetu, kikachorwa nembo yetu. Aliyechora amechora vizuri, sikatai; hata mimi nisingegundua kama mpiga picha asingesogea karibu. Sasa niambie, chumba cha vifaa cha timu ya taifa, nani mwenye ufunguo?"

Hakuhitaji jibu. Aliyekuwa na ufunguo ni mtunza vifaa, mtu ambaye wachezaji wamembandika jina la Kabati, kwa sababu kila kinachoingia kwake, iwe jezi au siri, hutoka kimekunjwa vizuri au hakitoki kabisa. Mjomba hakuwahi kumwita kwa jina hilo wala kwa jina jingine lolote. Alimwita "yule mkunja jezi". Na yule mkunja jezi alikuwa aje nyumbani kwetu Jumapili ya wiki iliyofuata, amevaa suti, kuomba kunioa. Mjomba alikuwa amekubali kumpokea kwa shingo upande, baada ya miezi miwili ya kuniuliza kwa nini katika dunia yenye wanaume wengi nimekwenda kumchagua mtu ambaye riziki yake hutoka kwa Korongo.

"Mwezi ujao shirikisho linachagua mdhamini mpya," akasema. "Miaka minane Korongo wamekaa kwenye vifua vya vijana wale. Leo mtu wao amekamatwa akighushi nembo yetu. Unajua hiyo ni nini? Hiyo ni penalti, na kipa hayupo golini."

"Unataka nini kwangu, Mjomba?"

"Maelezo ya fundi. Ukurasa mmoja. Kwamba viatu hivi si vyako, kwamba vimeghushiwa, na kwamba aliyevighushi ni mtunza vifaa. Wakili anayataka kabla ya saa kumi."

"Na yeye itakuwaje?"

"Atafukuzwa. Pengine atashitakiwa." Alizikusanya picha akaniletea upande wangu. "Usidhani nafurahi. Mimi nilitaka nisimpende kwa sababu zangu mwenyewe. Hii kanipa yeye."

Mkaza mjomba, ambaye humwita mumewe "Mkurugenzi" siku anazomkasirikia, akatokeza mlangoni na sinia.

"Mkurugenzi, mtoto hajala."

"Atakula akimaliza kuandika."

"Kumbe. Nilidhani tuna mgeni, kumbe tuna mfungwa." Akaliweka sinia juu ya kabati la vyombo, na nilipoinuka kutoka akanifuata hadi kwenye kizingiti, akanishika mkono. Aliuliza kwa kunong'ona: "Unampenda bado?"

"Sijui, Mama. Asubuhi nilikuwa najua."

"Basi nenda kamuulize mwenyewe. Picha haina mdomo."

*

Chumba cha vifaa kiko chini ya jukwaa la uwanja wa mazoezi, mwisho wa ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji. Nakijua kwa pua kabla ya macho: sabuni ya unga, mpira wa soli, mafuta ya ngozi. Mashine mbili za kufulia zilikuwa zikizunguka. Jezi zilikuwa zimening'inia kwa mpangilio wa namba, na chini ya kila jezi palikuwa na kaptura, soksi, na nafasi tupu ya viatu.

Kabati alikuwa amekaa kwenye benchi, kiatu kimoja mapajani, anachokonoa majani yaliyokauka kwenye meno ya soli kwa kijiti. Aliponiona uso wake ukafunguka wote, kama kawaida yake, bila kujibakizia akiba.

"Fundi! Leo hukupiga simu. Ningepanga hata hizi soksi, unione mtu wa maana."

Mwaka mmoja na nusu nyuma, siku ya kwanza nilipofika mlangoni pale, alinizuia kwa adabu, akatoa kipande cha plasta nyeupe na kukibandika juu ya nembo ya Upinde kwenye begi langu, kwa maana ndani ya chumba kile nembo ya hasimu hairuhusiwi kuonekana. "Samahani, dada," aliniambia, "wewe karibu, ila begi lako haliwezi kuingia uchi." Nilicheka njia nzima kurudi karakana. Tangu hapo nilikuwa nikija na plasta yangu mwenyewe. Siku hii niliingia na begi lilivyo, na yeye hakusema neno.

Nikampa picha.

Aliitazama. Kijiti kikabaki kimesimama kati ya vidole vyake.

"Nani amekuonyesha?"

"Hukuuliza ni nini," nikasema. "Umeuliza ni nani."

"Fundi..."

"Ni mkono wako huu?"

"Ni wangu."

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumjibu atakapokana. Nilikuwa nimeyapanga kwa ustadi, la kwanza, la pili na la tatu. La kumjibu akikiri sikuwa nalo hata moja. Nilisimama pale kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zote, kumbe ulikuwa wazi.

"Korongo walikutuma?"

"Korongo?" Akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Korongo wakijua watanifukuza kabla mjomba wako hajavaa miwani. Kiatu chao kinafunga magoli, halafu kimevaa nembo ya hasimu! Kwao huo ni msiba, Fundi. Watu watakaa matanga."

"Usinichekeshe. Leo usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nakwambia hali yangu."

"Basi kwa nini?"

Mashine moja ikamaliza kuzunguka, ikatetemeka, ikanyamaza. Aliinuka akaizima, ingawa ilikuwa imeshajizima.

"Viatu vyako vinamuumiza," akasema, bado amenipa mgongo.

Sitasema uongo: kilichonichoma kwanza si mapenzi. Ni ufundi. Miaka kumi na moja nimetengeneza viatu, na hakuna mchezaji aliyewahi kuvivua vyangu uwanjani.

"Viatu vyangu havijawahi kumuumiza mtu."

"Kidole cha mwisho, mguu wa kulia. Alikivunja mazoezini mwaka jana. Kocha alitutaka tuseme ni maumivu madogo, nasi tukasema. Kilipopona, kilipona kimelala kwa upande. Mguu umepanuka pale."

"Haiwezekani. Nilimpima baada ya..."

"Ulimpima?"

Hakuuliza kwa kunishitaki. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemshika mkono kipofu kabla ya ngazi, na upole ule ndio ulionivunja, kwa sababu papo hapo nilikumbuka.

Kila miezi sita mguu hupimwa upya, na kutokana na vipimo hivyo hutengenezwa kalibu, ule mguu wa plastiki ambao kiatu huundwa juu yake. Siku ya kumpima Nahodha nilikuja nikamkosa. Alikuwa kwa daktari. Nikasubiri kwenye benchi lile lile. Kabati alikuwa akikunja soksi. Tulizungumza, tukanyamaza, tukazungumza tena, na mwishowe aliniambia, macho yake yakiwa kwenye soksi, kwamba soksi ile ameikunja mara nne kwa sababu mimi nimo chumbani. Hakuongeza kitu. Nami sikuwa na haja ya kuongezewa. Nahodha alipopita mlangoni kwa haraka akiwahi basi la timu, alipaza sauti tu, akiniita kwa jina la utani alilonipa: "Daktari, miguu ni ile ile!" Nami, ambaye siku nyingine ningemfuata hadi ndani ya basi na kumvua viatu mbele ya watu, nilichukua fomu mpya, nikanakili ndani yake vipimo vya zamani, nikatia sahihi. Haikuchukua dakika mbili. Nilitoka mle nikijihisi mwepesi kama niliyeshushiwa mzigo.

"Fomu uliiona," nikasema.

"Uliijazia hapa. Nilikuwa kando yako."

"Kwa hiyo ulijua siku ile ile."

"Siku ile sikujua kitu chochote duniani isipokuwa kwamba umenitazama. Nilijua baadaye. Mechi ya kwanza na viatu vipya, Nahodha aliingia hapa, akavua, soksi ina damu. Nikampa jozi ya Korongo iliyokuwa stoo, pana kidogo, ili angalau afanye mazoezi. Ikamkaa. Akalia, unajua? Mtu mzima yule. Akasema hajakimbia bila maumivu tangu mwaka jana."

"Na ukaona dawa ni brashi."

"Nikaona dawa ni brashi."

"Mimi je? Mimi sikuwepo? Sina simu?"

Akaketi. Alikipindua kiatu mikononi mwake kama kina maandishi chini.

"Nilitaka kukwambia. Nahodha akaniapisha. Halafu nikasema, hata bila kiapo, nikimwambia Fundi leo, kesho ataandika ripoti dhidi yake mwenyewe. Wewe ni mtu wa kuandika. Watakufukuza. Halafu nikasema..." Akasita. "Nikasema kosa lile tulilifanya wawili. Mimi ningekaa kimya siku ile, wewe ungempima."

"Hizo ni sababu tatu."

"Zote ni kweli."

"Mtu mwenye sababu tatu hajui mwenyewe ni ipi."

"Sawa. Sijui ni ipi." Akaniinulia macho. "Unataka nichague?"

Nilitaka. Nilitaka achague moja ili niweze ama kumsamehe ama kumchukia. Zikiwa tatu, kila nilipoikamata moja, nyingine ilinipiga chenga. Alinipenda, ndiyo maana akanificha. Alinificha, basi alinipendaje? Yule niliyemwona mbele yangu alikuwa mtu yule yule wa soksi, na papo hapo alikuwa mtu nisiyemfahamu.

"Goli la fainali ya kufuzu," nikasema. "Unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Niliruka jukwaani. Nilimkumbatia mama mmoja nisiyemjua, nikamwambia, 'Viatu vile ni vyangu!' Na wewe ulikuwa pale chini kwenye benchi la timu, ukageuka, ukanitafuta kwa macho katika watu wote wale, ukanipigia makofi. Ulinipigia makofi, ilhali unajua."

"Nilikupigia makofi kwa kuwa ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka kwa uongo wako!"

"Kicheko kilikuwa cha kweli."

"Usiniletee falsafa! Umenifanya mtoto. Mtoto ambaye wakubwa wamemficha msiba, anacheza uani, na kila anayepita anampapasa kichwa."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kwamba Kabati, mtu wa kuhifadhi kila kitu, hakuwa na mahali pa kuliweka neno lile.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Nahodha aliingia na ndara miguuni na taulo shingoni, akaimba: "Kabati, Kabati, nipe soksi zangu..." Akaniona. Akaiona picha. Wimbo ukamfia mdomoni.

"Ala," akasema. "Daktari wa miguu."

"Keti," nikamwambia.

"Nina kikao na kocha..."

"Keti, kaka. Siku ile hukuketi, na tazama tulipofika."

Akaketi, mtu yule ambaye mabeki wa mataifa kumi na mawili wamemkimbiza bila kumkamata. Nilitoa kwenye begi karatasi, penseli na utepe wa kupimia, nikapiga magoti sakafuni, nikamvua ndara ya kulia. Sikuhitaji utepe. Kidole cha mwisho kilikuwa kimelalia nje, na juu yake palikuwa na kovu gumu la duara, rangi ya zambarau, mahali ambapo ukuta wa kiatu changu ulikuwa ukimsugua. Hata hivyo nilipima. Nilipima mara mbili.

"Milimita saba," nikasema. Katika kazi yetu milimita mbili ni malengelenge.

"Kosa si la Kabati," Nahodha akasema. "Mimi ndiye niliyemwapisha."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ningekutengenezea kalibu mpya kwa wiki moja."

"Umewahi kuusoma mkataba wenu, Daktari? Nikishindwa kuvaa viatu vyenu kwa sababu ya mwili wangu, mnaweza kuniacha. Nina miaka thelathini na mitatu. Siku hizi mwili wangu ndio sababu ya kila kitu." Akarudisha mguu ndani ya ndara taratibu. "Niliwaza, viatu vya mtu huyu vinanitesa, lakini mwenyewe ni mtu mwema. Nikimwambia, ama ataumia yeye ama nitaumia mimi. Basi nikanyamaza. Sisi wanaume wa uwanjani si hodari wa maneno."

"Nyinyi wanaume wa uwanjani," nikasema, "mmekaa wawili mkanipangia maisha, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kuniuliza."

Nahodha alimtazama Kabati kana kwamba anaomba kubadilishwa na mchezaji wa akiba. Hakupata msaada. Alichukua soksi zake akatoka, na nilimsikia akitembea ukumbini, ndara zikipiga sakafu, mpaka zikanyamaza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo.

"Mjomba wako anataka uandike nini?" Kabati akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote: wakili, saa kumi, mdhamini mpya, penalti isiyo na kipa. Alisikiliza huku akikunja taulo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Andika kwamba viatu ni vyako," akasema. "Mshono ule unaweza kuwa kivuli. Neno lako ndilo la mwisho. Mimi jioni hii nitaviondoa vilivyobaki, na wewe umtengenezee vipya."

Niliigeuza picha ikalala kifudifudi kwenye benchi.

"Au andika anavyotaka yeye. Kwamba ni mimi, basi, bila sababu. Sitakulaumu. Wewe ubaki na kazi, ubaki na watu wako."

"Umenipa njia mbili, na zote mbili ni za uongo."

"Kwa sababu njia ya tatu itakuumiza."

"Umeanza tena."

"Nini?"

"Umeanza tena kunipaka rangi."

Alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa na maji, na nilitamani kumgusa, na nilitamani kuondoka, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilikaa kwenye benchi, kwenye ncha ya mbali, nikaweka karatasi juu ya begi langu.

Simu yangu ikalia. Mjomba.

"Umeandika?"

"Naandika."

"Unaandikia wapi? Nasikia mashine ya kufulia."

"Unasikia vizuri, Mjomba."

Alivuta pumzi. "Mwanangu, huyo mtu atakulainisha."

"Hajanilainisha. Mjomba, Nahodha alivua viatu vyetu kwa sababu vilimtoa damu. Vilimtoa damu kwa sababu mimi sikumpima. Nilinakili vipimo vya zamani. Kosa ni langu."

Kimya kilichofuata nilikijua. Ni kimya cha mtu anayesoma mkataba kwa mara ya pili.

"Usiandike hilo," akasema hatimaye.

"Ndilo lililotokea."

"Nasema usiliandike. Ukiliandika, kesi yote imekufa, na udhamini tunausahau. Na anayesaini barua za kuwafukuza mafundi wa karakana ni mimi. Unanielewa? Ni mkono wangu huu huu. Usinifanye nisaini barua ile."

"Naelewa, Mjomba."

"Basi?"

"Nitakuletea kabla ya saa kumi."

Alikata simu bila kuaga, na sikujua kama ni kwa hasira au kwa sababu hakutaka niisikie sauti yake. Nilifungua kifuniko cha kalamu.

"Na Jumapili?" Kabati akauliza, kwa sauti ya chini sana. "Nije au nisije?"

"Sijui."

"Sijui ya ndiyo, au sijui ya hapana?"

"Sijui ya sijui."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa jibu kamili.

Niliandika. Sentensi zilikuja moja baada ya nyingine, kwa kuwa ukweli, ukishaacha kuuchagulia nguo, hauna sarufi ngumu. Nilipomaliza nilimsomea kwa sauti, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua nilivyomwandika, na kwa sababu, nakiri, nilitaka kumwona usoni.

"'Mimi, fundi wa viatu wa kampuni ya Upinde, nathibitisha kwamba viatu vinavyoonekana katika picha hizi si vya kampuni yetu. Ni vya kampuni ya Korongo, vilivyopakwa rangi na kuchorwa nembo yetu. Aliyefanya hivyo ni mtunza vifaa wa timu ya taifa. Alifanya hivyo kwa sababu viatu nilivyovitengeneza mimi vilimjeruhi mchezaji. Vilimjeruhi kwa sababu sikumpima ilivyonipasa. Nilijaza fomu kwa kunakili vipimo vya awali. Leo nimempima. Tofauti ni milimita saba. Mtunza vifaa amepaka rangi jozi moja...'"

"Ngoja," akasema.

Niliinua macho nikijiambia: sasa ataomba. Ataniomba nimtoe, au niseme "mtu asiyejulikana", au niandike kwamba alishurutishwa. Nilimwonea huruma mapema, na niliionea aibu huruma yangu. Ningemkatalia, na baada ya kumkatalia ningesimama, na Jumapili ile isingefika kamwe.

Alikuja akaketi kando yangu. Alielekeza kidole kwenye mstari wa mwisho, bila kuigusa karatasi.

"Si jozi moja," akasema. "Wewe umeiona moja katika picha. Ni jozi nne."

"Nne?"

"Mbili za mechi, moja ya mvua, moja ya mazoezi. Zote nimezipaka kwa mkono wangu. Hizo tatu nyingine hakuna anayezijua ila mimi na Nahodha. Andika nne."

Nilimtazama. Sikuuona usoni mwake ushujaa wowote. Niliona hofu ya mtu anayejua kwamba moja ingeweza kuitwa kosa, lakini nne haziwezi kuitwa kosa. Kitu fulani kifuani mwangu kililegea, na kingine kikakaza, na bado sikuweza kusema kipi kilikuwa kipi. Nililikata neno "moja", kalamu ikasimama juu ya nafasi iliyo wazi.

"Niandike kwa tarakimu au kwa maneno?"

Alifikiri, uzito wote wa kazi yake ukiwa kwenye paji la uso.

"Kwa maneno," akasema. "Tarakimu mjomba wako anaweza kuibadilisha."